Bei za Uongo za Nathenje

Mwalimu,

Furaha ameanza kuyapiga chapa madaftari yako. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mimi ambaye ulikuwa unanicheka kwamba herufi zangu zinalala kama wagonjwa. Nimefunga kibanda mapema na kumwambia jirani kwamba leo simpokei mtu, hata akija kununua gunia zima. Nina neno la kukuambia. Nililikalia miaka yote ulipokuwa hai, nikijiambia nitalisema kesho, nitalisema keshokutwa, na wewe ukaondoka. Kwa hilo bado nina hasira na wewe. Nisamehe, lakini ninayo.

Kwanza nikupe habari, maana usipopewa habari hutulii.

Tulikuzika hapa kambini Dzaleka, upande ule wa makaburi unaopakana na mashamba ya wenyeji. Kwaya ilikuja yote. Mchungaji alihubiri mpaka jua likahama, nikawa nasikia kabisa vile ungekohoa kumwambia inatosha. Watu wa Bukavu walikuja, wa Uvira walikuja, sisi wa Fizi tulikuja, na hata wale Warundi wawili uliokuwa unabishana nao juu ya ndizi walikuja na walilia kweli. Wenyeji waliokuwa wanakuuzia mkaa walisimama mstari, wakatushika mikono wakisema "pepani, pepani," yaani poleni. Mimi sikulia siku ile. Nililia siku ya nne, niliporudi sokoni, nikapanga maharage, na nikajikuta nimekuwekea kigoda chako upande wenye kivuli. Kijana mmoja alikuja akakikalia akingoja chenji yake. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Furaha yuko imara. Binti yako ni mgumu kuliko sisi wote. Amehamishia cherehani chumbani kwako kwa sababu dirisha lako lina mwanga mzuri, na alipokuwa anasogeza kitanda ndipo akaukuta ule mfuko wa unga na madaftari sita ndani yake, umefungwa kwa kamba ya viatu. Aliniita nije nione. Tulikaa chini wote wawili tukifungua kurasa, tukiuona mwandiko wako mdogo mdogo, na sikuweza kumtazama usoni. Alidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini kulikuwa na kitu kingine pia, na hicho ndicho nimekuja kukuambia.

Unakumbuka tulivyojuana? Mimi nakumbuka vizuri, maana nilikutilia shaka. Nilikuwa na meza yangu ya maharage pale soko la Mchesi, mjini Lilongwe, na wewe ulikuwa unakaa mtaa wa Biwi, unafundisha watoto wa watu Kifaransa nyumbani kwao. Ulikuja na lile koti lako la kijivu, ukanunua kopo moja, halafu hukuondoka. Ukauliza yanatoka wapi. Nikasema Nathenje, huko vijijini. Ukauliza, "Na kule ku Nathenje, Mama, yalikuwa bei gani?" Nilikuangalia kuanzia viatuni. Muuza maharage haulizwi swali hilo. Nikadhani umetumwa, ama na serikali, ama na yule mama wa meza ya tatu aliyekuwa ananichukulia wateja.

Ndipo ukaanza kunieleza habari za Roma. Nikakujibu, "Mi najuaka tu Papa wa Roma, na hata ye si wa kanisa letu." Ulicheka mpaka ukashika meza, na nusu ya maharage yangu yakamwagika. Uliinama ukayaokota moja moja, mzee mzima, mwalimu wa historia aliyeheshimiwa Bukavu, huku bado unacheka. Nadhani ni siku ile nilikupenda kama ndugu.

Baadaye ukaniambia yote. Kwamba kazi yako ya kumaliza chuo, ile memwari, ilihusu biashara ya Warumi wa kale, na kwamba uliiacha juu ya kabati siku mlipokimbia. Kwamba kila ulipofumba macho ulikuwa unaiona pale juu ya kabati. Mimi nilikuwa nimeacha shamba, mbuzi na kaburi la mume wangu, na nilikuwa najiuliza huyu mtu analilia karatasi kweli? Sikukuambia. Ila ulinieleza swali lake mara nyingi sana, ukiwa umekaa kwenye kigoda, mpaka likawa langu pia. Wateja walizoea. Walikuwa wanasubiri umalize meli moja ndipo waagize.

Nitalisema hapa kama nilivyolielewa, na ukiona nimekosea ukohoe. Watu wengi wanasema Roma ilikuwa soko moja kubwa kwa sababu vitu vilisafiri. Ngano ya Misri ilipakiwa kwenye meli kubwa ikaenda kulisha mji wa Roma, mafuta ya zeituni yakatoka Hispania, divai, samaki wa chumvi, kila kitu barabarani na baharini. Wewe ulisema kusafiri hakutoshi, kwa sababu vitu vinaweza kusafiri kwa amri ya Kaisari. Watu wa mji wa Roma walipewa ngano ya bure kila mwezi, kama sisi na mgao wa msaada. Soko moja ni kitu kingine. Ni pale ngano inapopungua Misri na mwanamke anayenunua Roma akaisikia, na mwenye meli akaisikia, naye akageuza safari akanunue kwingine. Ulisema masoko yanayojuana, bei zao zinasalimiana. Neno hilo nililipenda. Niliwahi kumsimamisha mwenye kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, katikati ya njia ili nimwambie.

Na shida yako ilikuwa hii: bei za Warumi zimebaki chache mno. Vipande vya barua kwenye mchanga wa Misri, bei moja hapa, nyingine kule, kati yao miaka mingi ya kimya. "Hakuna Mrumi alikaaka ku soko kila wiki na kuandika," ulisema, na ulisema kwa uchungu, kama walikukosea wewe mwenyewe. Basi ukaamua kufanya ambacho wao hawakufanya. Ungeandika kila wiki bei ya masoko mawili, Nathenje na Mchesi, yaliyounganishwa na barabara moja mbovu na mama mmoja mwenye magunia matatu. Uone kwa macho yako masoko mawili yanavyofanana kwenye karatasi, ndipo urudi kwa Warumi na vipande vyao.

Bei ya Mchesi ulikuwa unaisoma mwenyewe, imeandikwa kwenye kipande cha boksi juu ya meza yangu. Bei ya Nathenje ulikuwa unaniuliza mimi.

Mwezi wa kwanza nilikuambia ukweli. Naapa. Halafu ikaja siku ile, sijui kama unaikumbuka, mimi sijaisahau hata dakika moja. Ilikuwa baada ya mavuno. Nathenje maharage yalikuwa yameanguka bei mpaka unaona aibu kuyanunua. Mezani walikuwa wamesimama wateja wanne, wakubwa, wale wa mikahawa. Ukaniuliza, nikakunong'oneza, na wewe kwa furaha yako ukapaza sauti, "Eh! Ku Nathenje yameshuka hivyo? Na hapa hayajashuka hata kidogo? Ajabu sana!" Ulikuwa unafurahia swali lako, Mwalimu. Hukuona nyuso za wale wateja. Mmoja aliniambia, "Mama Sifa, kumbe uko unatukula hivi?" Wawili hawakurudi tena.

Wiki iliyofuata ulipokuja na daftari, nilikuwa nimejiandaa. Niliangalia bei yangu ya Mchesi juu ya boksi, nikatoa kidogo, kiasi cha nauli na cha kuweka mdomoni, nikakupa hiyo. Ukaandika. Na wiki iliyofuata vilevile. Mchesi ikipanda, Nathenje yangu inapanda. Mchesi ikishuka, Nathenje yangu inashuka. Sikuhitaji hata kufikiri. Baada ya muda haikuwa tena uongo kichwani mwangu, ilikuwa tabia tu, kama kupangusa meza. Nilikuwa nasema huyu mzee anajifurahisha na karatasi zake, bei ni bei, itamdhuru nini?

Kisha ukaja na rula.

Ulikuwa umemwomba Furaha rula yake ya kukatia nguo, ukachora mistari miwili kwenye kurasa za katikati za daftari la tatu, mmoja wa kalamu nyekundu na mwingine wa bluu. Ukaja mbio pale Mchesi, ukaifungua juu ya maharage yangu. Mistari ilikuwa inapanda pamoja na kushuka pamoja kwa miaka yote ile, haiachani.  "Ona, Mama Sifa! Zinasalimiana kabisa! Na barabara mbovu vile! Sasa Roma na mameli yake itashindwa juu ya nini?" Ulifurahi sana, Mwalimu. Sikuwahi kukuona hivyo, wala kabla wala baada. Ulionekana mtu ambaye amerudishiwa kitu chake kutoka juu ya kabati.

Na mimi nilisimama pale nikijua kwamba mstari mmoja ni kivuli cha mwingine. Zilisalimiana kwa sababu zote mbili nilizipanga mimi.

Ile ilikuwa nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo, haki ya Mungu nilifungua. Badala yake nikakupikia. Nilikupa sahani kubwa ya maharage na nsima, ugali wa huku, na nikakataa kulipwa, na wewe ukasema, "Chakula ya bure, sasa njo mgao ya Roma." Ulikula yote. 

Halafu mambo yakabadilika kwa wote. Ikatoka amri kwamba wakimbizi wanaokaa mjini warudi kambini. Nilipoteza meza ya Mchesi ndani ya siku moja, na wewe ukapoteza wanafunzi wako wa Biwi. Nilikuona unashuka kwenye gari hapa Dzaleka na mfuko wa unga kifuani, nikadhani ni unga, nikafurahi kwamba angalau una unga. Kumbe ni madaftari. Chakula ulikuwa umekisahau.

Hukunung'unika sana. Ulikuwa na njia yako ya kugeuza kila kitu kiwe Roma. Uliniambia kwamba kule Roma kuna kilima kizima, cha kupanda kwa miguu, kilichotokana na mitungi ya mafuta iliyovunjwa na kutupwa, na kwamba juu ya vigae bado yanasomeka majina ya wafanyabiashara na uzito. Ukanionyesha jalala letu lenye makopo ya mafuta ya msaada. Ukasema baada ya miaka elfu mbili atakuja profesa na jembe, atayakuta makopo haya, ataandika kwamba watu wa Dzaleka walikuwa matajiri wakubwa wa mafuta. Tulicheka mpaka watu wakageuka. Sasa napita pale kila siku kwenda kisimani, na sicheki peke yangu, naona haya.

Kutoka kambini kwenda mbali ni kazi siku hizi, kwa hiyo maharage yangu yanaletwa. A NaPhiri, yule mama mkulima wa Nathenje niliyekuwa nakusimulia, ananitumia gunia kwa dereva, tunaelewana kwa simu. Wewe uliendelea kuja na daftari. Ulifuta "Mchesi" juu ya ukurasa ukaandika "Dzaleka", na mimi niliendelea kukupa namba zangu. Hata wiki uliyougua nilikupa. Hata kwenye lile gari lililokupeleka hospitali Lilongwe, ulipoinua kichwa ukaniuliza kwa sauti ya chini Nathenje inasema nini, nilikupa. Ungefikiri pale, kwenye gari lile, mtu angesema kweli. Nilikuwa nimeshazoea. Namba ilitoka yenyewe, na wewe ukaniambia "aksanti," na hilo ndilo neno la mwisho uliloniambia duniani. Umeniachia aksanti kwa uongo, Mwalimu. Nimelibeba hilo tangu siku ile na limenichosha.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Furaha alikuja kibandani na kurasa za kwanza zilizochapwa. Anataka zitoke kijitabu kidogo, zigawiwe kanisani Jumapili ya kumaliza matanga, kila familia nakala moja. Ameshona usiku na mchana magauni ya watu wa kwaya ili apate ya kulipia karatasi. Alinifungulia ukurasa wa mwanzo, ule wa shukrani, akanisomea. Umemshukuru Mungu, umemshukuru marehemu mke wako, umemshukuru Furaha. Halafu umeandika: "Namshukuru Mama Sifa, aliyekuwa macho yangu kule Nathenje. Bila yeye kazi hii isingekuwapo." Akanishika mkono akaniambia, "Siku ile wewe njo utasema mbele ya bantu. Papa alikuamini sana."

Nilimwambia pale pale. Sijui nguvu ilitoka wapi. Sikuzunguka. Nilisema, zile bei nilizitunga, tangu daftari la kwanza mpaka la sita, isipokuwa mwezi mmoja. Nikamwonyesha jinsi nilivyokuwa nafanya: unaangalia boksi, unatoa kidogo. Niliona anaelewa, maana ni fundi, anajua kupima. Aliuliza kitu kimoja tu. "Juu ya nini ulimufanyia Papa vile?"  Akakusanya kurasa akaondoka, na usiku wa kuamkia kesho yake sikusikia cherehani, wala kesho yake, wala siku iliyofuata. Nyumba zetu zinatazamana, unajua. Ukimya wake ulikuwa unaingia mpaka jikoni kwangu.

Niliogopa, Mwalimu. Si kuogopa watu watasema nini, nimeshasemwa vya kutosha maishani. Niliogopa kwamba nimekuua mara ya pili. Kazi ya kwanza uliipoteza kwa vita, na hii ya pili nimeichukua mimi, muuza maharage, kwa sababu ya wateja wawili wa mikahawa. Kama ningenyamaza, kijitabu kingetoka, ungesifiwa, hakuna ambaye angejua. Nilijilaumu kwa kudanganya, halafu nikajilaumu kwa kusema.

Siku ya tatu alikuja na daftari la pili. Macho yalikuwa yamevimba. Hakunisalimu, alifungua tu akaweka kidole. Ulikuwa umeandika juu ya zile barua za Misri. Umesema tusizipokee bei zake kama zilivyo, kwa sababu kila aliyeandika alikuwa na sababu yake: mmoja anamlilia mtoza kodi, mwingine anataka ndugu yake amwonee huruma, mwingine anaficha faida. Umesema kazi ya mwanahistoria si kuzitupa barua za waongo, maana hatabaki na barua hata moja, bali ni kuuliza walikuwa wanaogopa nini. Furaha akasema, "Papa hawezi kukuuliza tena, basi mi nakuuliza. Ulikuwa unaogopa nini? Uandike. Tutaitia ndani ya kitabu, nyuma kabisa. Hatufuti kitu."

Mimi, niandike kwenye kitabu chako! Niliishia darasa la sita kule Fizi.

Nimeandika, Mwalimu. Kurasa tatu. Nimeharibu karatasi nyingi, na Furaha amenyoosha herufi. Nimeandika kwamba nilikuwa nimekimbia bila kitu na kwamba kile nilichokijua peke yangu, bei ya Nathenje, ndicho kilikuwa mali yangu yote. Nikikitoa ninabaki na meza tupu. Na nilipokuwa nakumbuka mwaka baada ya mwaka ili niseme kweli ilikuwaje, ndipo nikaona kitu ambacho wewe ungekiona kwa sekunde moja kama ningekupa namba sahihi. Maharage yalipopanda Nathenje, wakati wa kupanda mbegu, Mchesi ilijua siku ileile, maana mimi na wenzangu tulifika tumeshapandisha bei. Lakini yaliposhuka baada ya mavuno, habari ilichukua wiki nyingi njiani. Barabara ilikuwa ileile. Aliyeichelewesha ni mimi. Tulikuwa tunakaa kimya, wote wa meza za maharage, hata yule wa meza ya tatu ambaye nilimchukia. Kwa kukaa kimya tulielewana vizuri kabisa.

Kwa hiyo jibu lako halikuwa kwenye barabara wala kwenye meli, Mwalimu. Lilikuwa limesimama mbele yako na aproni, linakupimia kopo. Sijui Warumi. Lakini nikiwaza yule mwenye meli aliyetoka Misri akijua ngano imejaa kule mpaka inaoza, halafu akashuka bandarini na kuuza kama jana, namjua vizuri. Najua mpaka alivyokunja uso. Nimeandika hivyo pia, na Furaha amesema nisifute.

Kuna jambo moja halimo katika kitabu. A NaPhiri naye alikuwa ananiuliza. Kila nikifika Nathenje, kabla hajanipimia, "Amayi, ku Mchesi akugulitsa bwanji?" Wanauzaje huko? Na mimi ninakunja uso nasema zavuta, mambo ni magumu, hawanunui. Ananionea huruma. Ananipimia ndoo mpaka inatengeneza mlima, halafu juu ya mlima anaongeza konzi mbili, ile tunayoita matabishi. Nilidanganya pande zote mbili za barabara, Mwalimu, na kati yake nilikuwa nasali.

Juzi nilimpigia simu. Nilimwambia bei ya hapa Dzaleka, ya kweli, na ile ya Mchesi ya miaka ile, kadiri ninavyoikumbuka. Kichewa changu kilikwama mara mbili, akanisaidia maneno ya kuungamia, maskini. Halafu nikasikia kuku wake tu. Akasema, "Zikomo, amayi," asante mama, akakata. Wiki hii dereva alipita na hakuwa na gunia langu. Huenda wiki ijayo atatuma, huenda amepata mtu mwingine, na ana haki. Nina maharage ya kuuza mpaka Ijumaa. Mwanangu Sifa ananiambia nimekuwa mjinga uzeeni. Nimemwambia aendelee kula.

Nimechoka kuandika, mkono unauma. Sikuombi uniambie umenisamehe, maana hilo ningelitunga pia, ninavyojijua. Umekaa na kosa langu mkononi miaka mingi ukaliona lulu, na ukafa na furaha yako, na mimi sijui hadi leo kama hiyo ni huruma ya Mungu au ni adhabu yangu. Nakukosa, Mwalimu. Nakosa kukohoa kwako. Hakuna mtu sokoni hapa anayeniuliza swali ambalo siwezi kulijibu.

Lala vizuri. Kaburi lako tumelipalilia, na Furaha amekushonea kitambaa cha msalaba.

Ninakuahidi hili, na safari hii mashahidi wapo. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa lote. Nitasema kwanza jina langu, halafu kosa langu, na nikimaliza, bila kupunguza wala kuongeza, ndipo nitalisema jina lako.

Mimi, muuza maharage wako,
Mama Sifa